Kura Kumi na Moja Hazikutosha

Vijana wangu wa Umoja wetu wa wazungumzaji wa Kiswahili hapa Texas, mmeniomba niwaandikie namna ya kumchagua mwenyekiti wa Baraza la Juu, kwa kuwa mwaka huu nimewaachia meza na ninyi ndio mtakaoendesha uchaguzi. Mlitaka kurasa mbili zenye hatua ya kwanza, ya pili na ya tatu. Poleni. Hatua hizo zimeandikwa kwenye katiba yenu, ukurasa wa nne, na hakuna hata mmoja wenu aliyewahi kuufungua. Mimi nitawasimulia tu. Na kabla sijaanza, niseme wazi kwamba nina raha kweli kweli. Tangu niwakabidhi lile sanduku la kura la plastiki, hata mgongo umeacha kuniuma. Binti yangu, ambaye ni nesi na haamini miujiza, anasema ni vidonge alivyoniletea. Namwacha aamini hivyo.

Wale msionijua, mimi ndiye yule mama mnayemwita Mama Karani. Kabla binti yangu hajanileta hapa Mesquite, pembeni ya Dallas, kumsaidia na watoto, nilikuwa karani wa bunge Nairobi. Nilianzia Bunge la Taifa, na Seneti iliporudishwa nikahamishiwa huko. Sisi ni wale mliowaona kwenye televisheni, wamevaa majoho meusi, wameketi mbele ya Spika kama mapambo. Mheshimiwa anapopiga kelele na kutupa makaratasi, karani ndiye anayeyaokota na kuyapanga.

Lakini kuna siku moja karani si pambo. Siku ile maseneta wapya wanapokutana mara ya kwanza, hawana Spika. Kiti kiko wazi. Basi anayeongoza ni karani mkuu, mtumishi wa umma mwenye mshahara wake wa kawaida, na waheshimiwa wote wanamtazama yeye. Wanaapishwa, kisha wanapiga kura ya siri kumchagua Spika. Na Spika huyo wa kwetu haruhusiwi kuwa seneta. Awe mtu mwenye sifa za kugombea ubunge, lakini asiwe mbunge wala seneta. Naibu wake ndiye anayetoka miongoni mwao wenyewe. Maseneta ni sitini na saba, na anayetaka kushinda raundi ya kwanza lazima apate theluthi mbili ya wote, yaani arobaini na tano. Asipopatikana, wawili walioongoza wanarudi raundi ya pili, na hapo mwenye kura nyingi ndiye Spika.

Nilidhani dunia nzima hufanya hivyo, mpaka mjukuu wangu Mueni aliporudi na kazi ya shule kuhusu Seneti ya Texas. Tuliketi jikoni, mimi nakata sukuma wiki, yeye anasoma. Nikajifunza kwamba hapa anayeongoza Seneti ya jimbo ni naibu gavana, na anachaguliwa na wapiga kura wa jimbo zima. Maseneta wenyewe wanachagua mmoja wao wa kushika kiti kwa muda, na desturi ni kumpa aliyekaa miaka mingi ambaye bado hajapata zamu hiyo.

"Kwa hivyo maseneta hawamchagui kiongozi wao?" nikauliza.

"Nope. The people do. Why, Shosho, yenu ikoje?"

Nilipomweleza yetu alikunja uso kusikia kwamba mkubwa wa maseneta si seneta. "So he's the boss of the senators but he's not a senator? That's so weird."

Nilimwambia amalize kazi yake. Ukweli ni kwamba mimi pia niliiona ya Texas ya ajabu, ila sikutaka kumpa nafasi.

Aliyenifundisha kazi hii ni Bwana Oluoch, karani mwenye sauti ndogo na roho ngumu kama jiwe. Fomu za wagombea zilikuwa na saa ya mwisho ya kupokelewa. Siku moja mjumbe wa mgombea mmoja aliingia akihema, dakika nne baada ya saa hiyo, fomu mkononi, akaanza kueleza habari za foleni ya magari. Bwana Oluoch akamkaribisha kiti, akamwagizia chai, akamsikiliza mpaka mwisho, akampa pole. Fomu hakuigusa. Yule bwana alimaliza chai yake na kuondoka na fomu yake. Nawaambia hili kwa sababu najua mnavyopenda kuchelewa mkisema ni mambo ya kwetu Afrika. Mpeni chai, lakini fomu msiiguse.

Na aibu yangu ya kwanza msiikose. Tulikuwa tunafanya mazoezi ofisini, makarani wenyewe tukijifanya maseneta, na mimi nikapewa kuhesabu. Nilikuwa nimevaa joho jipya, mikono yake mipana kama magunia. Nikahesabu, kura moja ikakosekana. Tukahesabu tena, imekosekana. Tukatazama chini ya meza, ndani ya sanduku, kwenye pipa la taka. Tulipokwenda kunywa chai nikanyoosha mkono kuchukua sukari, karatasi ikadondoka kutoka kwenye mkono wa joho, ikatua juu ya mkate. Walicheka mpaka mmoja akaishiwa pumzi. Toka siku ile, nikihesabu nakunja mikono mpaka kwenye kiwiko, hata nikiwa na blauzi ya kwenda kanisani. Sanduku nalipindua juu chini mbele ya watu waone ni tupu. Kura naishika kwa mikono miwili, naiinua, nasoma jina, naonyesha upande huu, naonyesha upande ule, ndipo naiweka. Mtaona ni upuzi mpaka siku mtakaposhukiwa.

Sasa niwaambie habari ya Jumamosi ile, ambayo wengi wenu mmeisikia nusu nusu.

Mnajua kwamba Umoja wetu uliwahi kuvunjika. Mwenyekiti alichaguliwa kwa kunyoosha mikono, ukumbini hapa Dallas, na watu wa Dallas walikuwa wengi kwa sababu wao hawakusafiri. Houston wakajitoa. Miezi michache baadaye mama mmoja wa Gulfton, mtaa wa huko Houston, akafiwa na mume. Sisi huku tulipata habari wiki nzima baada ya maziko. Nilimpigia simu kumpa pole, akanijibu kwa adabu kabisa, "Aksanti, mama, lakini tulishamaliza." Neno hilo lilinikaa kifuani. Watu tunaozungumza lugha moja, tuliokuja kutoka mbali namna hii, tumeshindwa kuzikana kwa sababu ya kiti.

Tuliporudiana, tukaandika katiba mpya. Mkutano mkuu ni wa wote. Juu yake kuna Baraza la wajumbe kumi na wanane, tisa wa Dallas na Fort Worth, tisa wa Houston, ili wengi wasiwameze wachache. Hiyo ndiyo kazi ya seneti popote ilipo. Ubishi ukaja kwenye mwenyekiti wake. Vijana wa Irving, upande wetu wa Dallas, walitaka tufanye kama Texas, wanachama wote wapige kura. Houston wakakataa papo hapo, maana Dallas ni wengi. Mimi nikaeleza ya kwetu, mtu wa nje ya Baraza na theluthi mbili ya wajumbe wote. Hapo akasimama Papa Byamungu, mzee wa kanisa kule Gulfton ambaye amefanya kazi ya ghala miaka mingi, mtu wa kupima maneno.

"Ile ya mama iko muzuri," akasema. "Lakini kwetu Congo, Seneti ikianza, ni doyen ndiye anaikala mbele, mutu wa miaka mingi kupita wote. Na vijana wawili wa chini kabisa banaikala pembeni yake. Bon, mama ahesabu, lakini hao watatu bakuwe pale mezani, baone."

Tulikubaliana haraka kuliko nilivyotarajia. Mimi niendeshe kama karani, na mezani tukae na mjumbe mzee kuliko wote na wawili wadogo kuliko wote. Sikuona umuhimu wake. Nilidhani tunawapa Wakongo kitu cha kuwaridhisha.

Wagombea walikuwa wawili, wote wa nje ya Baraza. Mmoja ni huyo huyo Papa Byamungu. Mwingine ni Bi Kerubo, nesi wa Fort Worth, mcheshi, mchapakazi, asiyejua kuzungumza polepole. Tulikutana kwenye ukumbi wa kanisa hapa Mesquite saa saba mchana. Wajumbe wa Houston walikuwa wameendesha gari kwa muda wa saa nne, na wengine walitakiwa kurudi kazini usiku ule ule. Wawili wao hawakufika kabisa. Mmoja alizuiwa ghalani aongeze saa za kazi, mwingine alikuwa anatunza wazee na wa kumpokea zamu hakutokea. Kwa hiyo tulikuwa na wajumbe kumi na sita na viti viwili vitupu upande wa Houston.

Mezani kulikuwa na mzee wa miaka themanini kutoka Arlington, aliyesinzia kabla ya sala kwisha, kijana mmoja wa Irving, na Zawadi. Zawadi alikuwa na miaka ishirini na mitano, mtoto wa Gulfton, anasaidia wagonjwa majumbani. Aliketi kushoto kwangu na daftari lake, hajatoa simu hata mara moja.

Nikakunja mikono. Nikapindua sanduku. Wakapiga kura. Nikasoma moja moja, na nilipomaliza Bi Kerubo alikuwa na kumi na moja, Papa Byamungu tano. Nikapiga hesabu kichwani. Watu kumi na sita, theluthi mbili ni kumi na kitu, basi kumi na moja zinatosha. Nikatangaza kwamba Bi Kerubo amechaguliwa raundi ya kwanza. Dallas wakapiga vigelegele. Bi Kerubo akaenda kwenye kiti, akaketi, akaanza hotuba. Houston walipiga makofi ya adabu, yale ya kukuambia kwamba watu wanafikiria safari.

Nikachukua fomu ya kumbukumbu. Hii fomu niliitengeneza mwenyewe, kwa mtindo wa Bwana Oluoch. Mstari wa kwanza unauliza idadi ya wajumbe wa Baraza. Nikaandika kumi na nane. Mstari wa pili unauliza kura zinazohitajika. Kalamu ikasimama.

Kumi na mbili. Zilihitajika kumi na mbili.

Bwana Oluoch alikuwa akituambia kila mara tuhesabu viti, tusihesabu watu. Ukihesabu waliofika tu, mjanja atahakikisha fulani hafiki. Nimelisema jambo hilo kwa makarani wadogo sijui mara ngapi. Na sasa mimi, kwa mkono wangu, nilikuwa nimewafuta watu wawili wa Houston kwa sababu walikuwa kazini. Nilihisi jasho linanitoka mgongoni, na kiyoyozi cha kanisa kile mnakijua kilivyo kikali.

Nikageuka kushoto. Zawadi alikuwa ananitazama. Daftarini mwake ameandika 12 na kuizungushia duara.

"Uliona?" nikamnong'oneza.

"Niliona, mama. Tangu wakati munatangaza. Lakini niliogopa. Weye ni mukubwa, na ile kazi ni yako." Kisha akasogea karibu zaidi. "Usisumbuke, mama. Sitaambia mutu."

Wanangu, nimewahi kutishwa na wanasiasa wenye walinzi, na sikuogopa kama nilivyoogopa maneno ya binti yule. Alikuwa ananionea huruma. Alikuwa mpole, ana heshima, amelelewa vizuri, na kwa heshima hiyo hiyo alikuwa tayari kwenda Gulfton na siri ambayo ingewaumiza watu wake. Na mimi nilijaribiwa, sitawadanganya. Nilijiambia kwamba Bi Kerubo angeshinda hata raundi ya pili. Nilijiambia kwamba tukirudia, watu watasema ni fujo, Umoja utavunjika tena, na safari hii mikononi mwangu. Nilijiambia pia kwamba nimezeeka na ninastahili kustaafu na jina zuri. Hilo la mwisho ndilo lililonitia haya.

Nikasimama katikati ya hotuba.

"Samahani, Bi Kerubo. Naomba utoke kwenye kiti. Hukuchaguliwa."

Nikaeleza. Wajumbe ni kumi na wanane, zilihitajika kumi na mbili, nilihesabu waliopo nikasahau wasiokuwepo, na kosa ni langu peke yangu. Mjumbe mmoja wa Dallas akapiga meza. "Sasa tunarudia ya nini, Mama Karani? Si ameshashinda tu!" Mwingine wa Houston akamjibu kwa Kifaransa, na kwa sauti yake sikuhitaji mkalimani. Nikaona viti vinasukumwa nyuma. Nikajua ndio basi, tunavunjika.

Bi Kerubo alikuwa bado hajaelewa vizuri, mdomo wazi, karatasi za hotuba mkononi. Kisha akazikunja, akazitia kwenye mkoba.

"Hapana, hapana, hapana. Kama si kumi na mbili, si kumi na mbili," akasema kwa kasi yake ile. "Wacha nitoke hapa, tu-revote. Sitaki kukaa kwenye kiti ambacho nita-defend kila nikienda harusi." Akatoka, akaketi safu ya nyuma kabisa, karibu na Papa Byamungu.

Papa Byamungu akamsogezea kiti. Halafu akanigeukia. "Mama, weye mwenyewe umekosa, weye mwenyewe umesema. Basi. Tupige kura, njia iko murefu."

Nikagawa karatasi upya. Kijana wa Irving akanifungulia bahasha. Raundi ya pili ilihitaji wingi tu, kwa hiyo hesabu ilikuwa rahisi, lakini mimi nilikuwa nimechoka, miwani imepata ukungu kwa jasho, na moyoni nilitaka jambo lile liishe. Nilisoma kwa sauti, nikaonyesha kulia, nikaonyesha kushoto, nikaweka. Nilipoiweka ya mwisho nikaanza kutangaza: "Bi Kerubo, kura kumi na..."

"Mama, ngoja."

Alisema kwa sauti kubwa. Ukumbi mzima ulisikia. Hata mzee wa Arlington aliamka.

Zawadi alikuwa amesimama, shingo imejaa mishipa, mikono ameifungia nyuma kama mtoto mbele ya mwalimu. "Ile ya mwisho haiko ya Bi Kerubo. Umesoma muzuri, umesema Byamungu, lakini umeiweka kwa fungu la Bi Kerubo. Rudisha, mama."

Nikaichukua. Nikafuta miwani kwa ncha ya kitenge. Ilikuwa na jina la Papa Byamungu, limeandikwa kwa herufi kubwa. Nikainua karatasi ile juu kwa mikono miwili, nikaonyesha Dallas, nikaonyesha Houston, nikaihamisha. Bi Kerubo kumi, Papa Byamungu sita.

Kisha Papa Byamungu akaanza kucheka, kicheko cha tumboni, akainuka, akamshika Bi Kerubo mkono, akampeleka mpaka kwenye kiti yeye mwenyewe. Houston wakapiga makofi, na haya yalikuwa na moto. Yule mjumbe wa Dallas aliyepiga meza alikuwa anafuta macho na kujifanya anakohoa. Mimi nilikaa chini kwa kishindo, na pumzi niliyoitoa nadhani nilikuwa nimeibana tangu siku ile mama wa Gulfton aliponiambia walishamaliza.

Nilimpa Zawadi kalamu atie sahihi kwenye fomu kabla yangu. Alitia, akaninong'oneza kuuliza kama amenikosea heshima kunisahihisha mbele za watu. Sikuweza kumjibu pale, maana ningelia, na wajumbe wa Houston walikuwa na saa nne za barabara mbele yao. Namjibu leo, ninyi wote mkisoma: mwanangu, hakuna aliyewahi kuniheshimu kama wewe siku ile.

Yeye ndiye mtakayemkuta mezani mwaka huu, na akiwaambia mngoje, ngojeni.